Namba Mbili na Kikombe cha Bati

Shule mimi sikukanyaga. Anayeandika haya ni mjukuu wangu, huyuhuyu ninayetaka kumsema, tena anaandika kwa mkono wake wa kushoto. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze. Akiruka neno nitajua, maana kalamu inasimama.

Huyu ni mume wangu, kama kila mjukuu wa kiume alivyo mume wa bibi yake. Siku aliyorudi alishuka kwenye basi la Mbeya na begi moja kubwa, nikadhani kaniletea zawadi. Nikafungua. Viatu vyenye meno chini, jozi tatu, na bandeji za kujaza ndoo.

"Mke wangu," akasema, "nimestaafu."

Lisome neno hilo kwa sauti yake, nzito, ina mchanga ndani. Alipigwa kiwiko cha koo huko Uganda, tangu hapo anaongea kama mashine ya kusaga inayowashwa asubuhi ya baridi.

"Umestaafu nini, mume wangu, na ndevu bado nyeusi?"

"Raga."

Raga nilikuwa naijua kidogo. Aliianza Arusha alipokwenda kusoma ufundi umeme. Akaniambia kwenye simu kwamba amepata mchezo wa kusukumana, na analishwa vizuri. Nikamwambia, kusukumana umejifunza hapa Pito, hao wamekuokota tu. Na ni kweli. Masika, mkokoteni wa mahindi ukizama kwenye tope, ng'ombe wanasimama wanatuangalia, huyu ndiye alikuwa anaingiza bega chini ya mkokoteni mpaka unatoka. Hakuna aliyempa jezi.

Baadaye akachukuliwa timu ya taifa, mwisho wakamfanya kapteni. Akaenda Uganda, akaenda Burundi, akaenda Zambia mara mbili. Mimi nikauona mchezo kwenye simu ya jirani yangu, mwalimu mstaafu. Wanaume wanane wanainamisha vichwa, wanaingia kwa wanaume wanane wengine walioinamisha vichwa, na mpira wenyewe kama papai umetupwa katikati ya miguu. Mume wangu alikuwa wa mbele, katikati, namba mbili mgongoni. Shingo yake ndiyo ilikuwa inabeba wengine wote kumi na tano.

"Kimsingi," mwalimu akanieleza, huku ameshika kidevu kama anafundisha darasa zima, "kimsingi pale anagombea mpira kwa mguu, maana mikono imeshikwa."

"Na shingo je?"

"Shingo, kimsingi, inavumilia."

Jezi moja aliniletea. Nalimia nayo mpaka leo, kwenye baridi ya huku hakuna sweta linaloifikia. Watu wakipita barabarani wananiita namba mbili.

Basi habari ya kustaafu ikazagaa. Huku kwetu wanaostaafu ni walimu, manesi na watu wa halmashauri, wenye mvi na miwani. Mwalimu akaja kesho yake, amevaa koti, akamshika mume wangu mkono kwa mikono miwili.

"Mstaafu mwenzangu," akasema. "Kimsingi, mtu akistaafu haitakiwi akae peke yake. Karibu kwenye benchi."

Benchi lenyewe liko ukutani kwa mwalimu, jua la asubuhi linapopiga. Wazee wanacheza drafti, wanasikiliza redio, wanaelezana magonjwa. Wakamkalisha katikati, kijana wa miaka thelathini na tano, wakamuuliza na yeye kinamuuma nini. Akahesabu. Magoti yote mawili. Ubavu wa kulia. Kidole kilichounganishwa vibaya. Bega. Shingo.  Wazee wamezoea kushindana nani anaumwa zaidi, na siku hiyo walishindwa na mtoto. Mmoja akazima redio kwa heshima.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na nikamtania wiki nzima. Alikuwa hawezi kugeuza kichwa, ukimwita anageuka mwili mzima. "Mume wangu," nikamwambia, "nimeolewa na fisi."

Kisha akaangusha kikombe.

Cha kwanza sikusema kitu. Akasema, "Kina mafuta." Cha pili siku tatu baadaye, chai yote kwenye miguu yake, na hakushtuka mpaka alipotazama chini. "Kina mafuta," akasema tena. Nikakiokota. Hakikuwa na mafuta. Nikamshika ule mkono wa kushoto, ndio mkono wake wa kazi tangu utoto, nikambinya kidole cha mwisho na cha pili yake kwa kucha. Akanitazama tu.

"Husikii?"

"Nasikia kidogo."

"Daktari alisemaje?"

Hapo kalamu imesimama. Andika. Alisema daktari wa huko Arusha alimwambia shingo imeubana mshipa wa mkono, na ikigongwa tena vizuri, mkono unaweza usirudi. Ndiyo maana alikuja nyumbani.

Nikasema afadhali, ameacha. Kumbe hajaacha. Kocha wake alikuwa anapiga simu, na huyu anatoka nje kuongea, anadhani bibi hana masikio. "Napumzika kidogo, kocha. Shingo imekaza tu. Tutaona." Nyumbani mstaafu, kwenye simu yuko likizo. Kwa wazee wa benchi anahesabu magonjwa yote, kwa kocha anataja mmoja, tena anaupunguza.

Ikafika asubuhi moja nakwenda kuchota maji nakutana naye anarudi kukimbia. Amekimbia kutoka Pito mpaka mjini na kurudi, jasho linafuka kwenye baridi. Nikamuuliza unakimbia unafukuzwa na nani. Akasema anajinyoosha. Viatu vyenye meno viko mlangoni, vimepakwa mafuta.

Sikumtania siku hiyo.

Siku ya Jumamosi alikuwa shambani nyuma ya nyumba anatengeneza matuta, yale ya mviringo tunayofukia majani ndani yaoze. Simu yake ameiacha kwenye chaji juu ya gunia. Ikalia. Ikalia tena. Mara ya tatu nikaichukua.

Sasa mniwie radhi. Mimi kila mtu naweza kumwiga. Padri anajua, mwenyekiti wa mtaa anajua na hapendi. Kanisani kwenye kwaya walinipanga nyuma na wanaume wa sauti ya besi. Nikaiweka ile sauti ya mashine ya kusaga.

"Nipo, kocha."

"Aisee kapteni, unanitesa. Wiki nzima nakutafuta." Kocha anaongea harakaharaka kama anakimbizana na salio. "Sikia. Zambia wanakuja mwezi ujao. Namba mbili nimeshakuandika wewe. Mechi moja tu, ya kuaga. Watu wasimame wakupigie makofi, halafu ukapumzike kwa heshima zako. Unasemaje?"

"Siji, kocha. Nimestaafu."

"Si ulisema unapumzika?"

"Shingo imekataa. Na mkono haushiki. Naangusha vikombe."

"Vikombe?"

"Viwili. Vyote vya bibi."

"Mbona sauti hivyo, una mafua?"

"Baridi ya huku."

"Kapteni, hilo la mkono hukuniambia."

"Nakwambia sasa. Mkono ukifa ntalima na nini? Tafuta mwingine mwanangu, vijana wapo."

Hapo nikajisikia nilichosema. Mwanangu. Na kocha naye akasikia. Akasema taratibu kabisa, haraka zote zimemwisha:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," nikajibu, bado kwa sauti ya mume wangu.

Alicheka. Mimi sikucheka, maana niligeuka nikamwona mwenyewe amesimama mlangoni, jembe mkononi, udongo mpaka magotini. Sijui alifika saa ngapi.

"Bibi," kocha akasema, "hilo la mkono ni kweli?"

"Kweli tupu."

"Mimi sikujua. Ningejua nisingempigia. Lakini siwezi kumfuta mtu kwa sauti ya bibi yake. Aniambie mwenyewe."

Nikanyoosha simu. Hakuipokea. Akaweka jembe chini, akafuta mkono wa kushoto kwenye suruali, akaitazama ile simu kama anaangalia kikombe. Nilidhani atasema "tutaona". Nilikuwa nimeshaanza kumwombea mkono wake.

Akaichukua. Kwa mkono wa kulia.

"Kocha. Amesema kweli. Siji. Hata ya kuaga siji. Mwandike mwingine namba mbili."

Akasikiliza muda mrefu. Sijui aliambiwa nini, hajaniambia na leo kalamu haitaki. Akasema "nashukuru" mara tatu, akakata, akakaa juu ya gunia la mahindi, akalia. Alilia kidogo tu. Andika. Miaka kumi na miwili mtu anabeba vichwa vya watu kumi na tano, akilia kidogo sio aibu.

Halafu akanikasirikia. Alisema, "Bibi, hiyo ilikuwa ya kwangu kusema." Sio mke wangu, bibi. Siku mbili aliniita bibi, akanipa shikamoo ya adabu kama mgeni wa kutoka Namanyere. Nilijua nimekosa. Nilitaka aache, lakini nilitaka kuacha kwake kuwe kwangu. Siku ya tatu nikamwendea shambani nimevaa ile jezi, nikamwambia, "Nimekosa, mume wangu. Sitakuiga tena."

Akageuka mwili mzima. Akaniangalia kwenye jezi, namba mbili hiyo, kitenge chini.

"Muongo," akasema, kwa sauti yangu. Sauti yangu kabisa, na kile kikohozi changu cha asubuhi. Sikujua kama anaweza. Wazee wa benchi walisikia wakadhani mimi ndiye niliyemtukana mtu.

Sasa hivi anafunga umeme kwenye nyumba za watu mjini, kwa mkono wa kulia zaidi. Jioni naufanyisha ule wa kushoto kazi, ndiyo haya maandishi. Mwanzoni herufi zilikuwa zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, mwalimu akaja kuzikagua akasema kimsingi zinasomeka. Kidole cha mwisho bado hakisikii. Cha pili yake kimeanza kuniambia nikikibinya kwamba nina kucha ndefu.

Viatu vyenye meno navaa mimi nikienda mtoni, tope haliniangushi.

Amefika hapa anasema mkono umechoka, anataka chai. Nimemwekea kwenye kikombe cha bati nilichomnunulia sokoni. Amekishika kwa kushoto, ananitazama nimcheke.