Harusi Niliyoihariri Bila Kuiona

Nikipita Mtongwe mpaka leo kuna akina mama wanaovuta ushungi wakafunika mdomo ili wacheke, na mimi najua wanachocheka, kwa hivyo afadhali niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu, maana kwa watu kisa hiki kimeshatiwa chumvi, na aibu yangu haikuhitaji chumvi, ilikuwa imekolea tangu mwanzo.

Mimi ni mtu wa kuonjaonja kazi. Shule niliiacha mapema (yenyewe haikulalamika), nikaziba pancha za baiskeli, nikapaka mashua rangi, nikauza vifuniko vya simu pale kivukoni, na kila kazi nikishaielewa hamu inaniisha. Dada yangu Mwanaisha ni kinyume changu, akishika jambo haliachii. Aliweka cherehani kando akanunua kamera, kwa sababu aliona harusi za kwetu zina siku ya kupamba, ambapo wanawake wako peke yao, mabuibui yamevuliwa, bibi harusi anaonyeshwa, na mpiga picha mwanamume hakanyagi hapo. Harusi yake ya kwanza ilikuwa ya Zuhura, binti wa ukoo unaojulikana Mtongwe nzima. Ikienda vizuri, dada amepata kazi ya maisha. Ikiharibika, anarudi kwenye cherehani na maneno ya watu juu. Kupiga alijua. Kukata na kuunga kwenye kompyuta hakujua, nami nikasema, niachie mimi, hilo dogo.

Kupamba kulipopita, Mama Zuhura, yaani mama wa bibi harusi, akapata habari kwamba mhariri ni mimi, akamwita dada.

"Yaani wanangu wamevua buibui, halafu kijana wa kiume akae awatazame kutwa? Hapana, Mwanaisha. Hilo sitaki kulisikia."

Sasa hapo ndipo akili yangu iliponiponza. Kompyuta yetu ya nyumbani, mtaani kwetu Shika Adabu, ni kuukuu, ilikuwa kuukuu hata siku tuliyoinunua, na zile video za HD zilikuwa nzito kwake kama kumpandisha bibi kizee mnazi. Ukicheza moja, mtu ananyanyua mguu kucheza chakacha, mguu unabaki juu mpaka unamuonea huruma. (Hiyo ilikuwa video ya majaribio, dada akijirekodi mwenyewe, msianze.) Nikajifungia na simu, nikawatazama mafundi wa mtandaoni, nikajua njia ni tatu. Ya kwanza, uhariri video zenyewe zilivyo na uvumilie. Ya pili, uzigeuze zote ziwe za aina inayocheza kwa wepesi, ila zinavimba mpaka diski inajaa. Ya tatu, utengeneze nakala ndogo nyepesi, ukate hizo, na ukimaliza programu yenyewe inaziondoa na kuzirudisha zile kubwa mahali palepale ulipokata. Na kadiri nakala inavyokuwa ndogo, ndivyo picha inavyokuwa ukungu.

Mimi nikachagua ndogo kuliko zote. Kwa mkupuo mmoja kompyuta imepona na haya ya akina mama imehifadhika, nikajiona mwanachuoni.

Dada akabonyeza vya kubonyeza, mimi nimegeukia ukutani, nakala zikatengenezwa. Tukampelekea Mama Zuhura kipande kimoja alichopigwa mlangoni akiwa na buibui lake, ili aamue mwenyewe. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama," nikamwambia.

"Mimi? Mbona naona gunia la makaa?"

"Basi hata mimi naona gunia, mama."

Akacheka kidogo, akatoa ruhusa.

Nikafanya kazi wiki nzima kwa kubahatisha madoa. Dada alikuwa na nguo za watu za kumalizia, akaniambia tu kwamba bibi harusi amevaa kijani. Nami nikamtafuta kijani wangu. Kipande kimoja kilinigusa moyo: doa la kijani limekaa pembeni, limetulia tuli, halitikisiki, na juu kichwani doa jeupe, nikasema asumini hizo. Jamani, haya iliyoje. Siku hizi mabibi harusi wanapungia simu, huyu wetu amekaa kama wa zamani. Nikampunguza mwendo (ingawa mwendo wenyewe hakuwa nao), nikamzungushia mioyo, nikammwagia maua ya waridi yanayoanguka, nikaandika jina lake kwa herufi za dhahabu. Mahali pengine nikamuona mama mtu, dada alishaniambia ndiye mwenye zambarau, mkono unakwenda usoni unarudi, unakwenda unarudi, nikajua huyu anamlilia mwanawe. Nikatia muziki wa huzuni na maneno: Machozi ya Mama.

Nilipomaliza, programu ikarudisha zile video kubwa, mimi nimegeukia ukutani tena, na siku ya kupeleka dada akaniuliza kwa upole, "Niiangalie kwanza yote kabla hatujaipeleka?"

Nikamjibu, "Kwani huniamini?"

Neno hilo tu. Dada yangu akaitia flashi kwenye mkoba.

Wanawake wakajaa sebuleni, mimi nikabaki nje barazani chini ya dirisha, pamoja na Mzee Athumani, baba yake Zuhura. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukaanza kusikiliza. Mwanzo vigelegele. Kisha kicheko. Nikatikisa kichwa kwa fahari, nikasema kazi imewafurahisha. Kicheko kikawa kikubwa, kikawa cha mtu kuangukia mwenzake.

"Kwani ni ya kuchekesha?" Mzee akaniuliza.

"Ni furaha, mzee."

Ndani sauti ikasema, "Zuhura, mbona umekuwa mraba?"

"Huyo si mimi."

"Na jina lako limeandikwa hapo kwa dhahabu?"

"Shangazi, hilo ni deli."

Lilikuwa deli, lile sanduku la barafu la kuwekea juisi. Dada alipokwenda kula aliiacha kamera kwenye miguu yake mitatu inajipigia pembeni, na mtu alikuwa amelifunika deli kwa leso ya kijani, akaweka juu yake sahani za karatasi. Ndiyo asumini zangu hizo.

Mzee Athumani akanigeukia taratibu. "Deli langu?"

"Sijui, mzee."

"Kumbe ndilo nililoliozesha. Basi mkwe wangu aje na mkokoteni, maana mkewe mzito."

Ndani muziki wa huzuni ukaanza, nikajua tumefika kwenye machozi. Kicheko kikapasuka, halafu kikakatika ghafla, na sauti ya Mama Zuhura ikasema neno moja: "Zima."

Sikuwaza nafsi yangu hapo, nilimuwaza dada, yuko ndani peke yake mbele ya ukoo mzima, na cherehani inamngoja.

"Yuwapi huyo kijana?"

"Naam, mama," nikaitikia dirishani, pazia limeshuka kati yetu.

"Ulipoliona lile deli, wewe uliona nini?"

"Niliona bibi harusi mwenye haya, mama. Ametulia."

"Na mimi?"

"Nilikuona unalia."

"Nilikuwa natoa nyama kwenye jino. Na wewe umenipigia fidla."

Nikasema nisamehe, mama. Ndani bibi mmoja, mama yake Mama Zuhura, akasema kwa sauti yake nyembamba, "Lakini wallahi, kijana huyu hakutuona. Asiyejua deli na mwari, huyo kaona nini?"

Wakacheka upya, safari hii hata Mama Zuhura nilimsikia.

"Mwanaisha," akasema, "binamu zangu wote waliogopa kukuita kwa ajili ya huyu ndugu yako. Sasa ushahidi wameuona kwenye televisheni. Lakini ya kwangu uirudie, uikate wewe mwenyewe, kwa mkono wako."

"Na yangu pia," mwingine akadakia, "yangu baada ya Ramadhani. Bwana Deli akae huko huko nje."

Jina hilo nililipata hapo, na limenisindikiza mpaka Likoni.

Jioni ile ile nikamfundisha dada njia zote tatu, akachagua ileile ya nakala nyepesi, ila za ukubwa wa kati, anaona sura za watu wake bila kompyuta kukohoa, na kabla mwezi haujaandama alikuwa amenipita. Kazi zikamjia. Mimi nabeba mikoba yake mpaka mlangoni, basi.

Nami nimeapa. Siku hizi mtu akiniomba aitazame kazi yangu kabla haijatoka, simuulizi kama ananiamini. Namvutia kiti, namletea na maji ya kunywa, namwambia atazame polepole.