Unga wa Kuchagulia Kiwanja

Mwaka ule karanga zilipokataa kuota kama Wazungu walivyoota, Nachingwea ilibaki na mashine zimelala porini, na watu wengi ambao hawakutaka tena kurudi makwao. Walishauonja mshahara. Basi vikaanza kupimwa viwanja, upande huu na upande ule wa reli, na kila mwenye kazi akaambiwa ajichagulie pa kujenga. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mji wenyewe ulikuwa haujawa mji, lakini fitina za mji tayari ulikuwa nazo tele.

Mashariki ya reli, walisema, ndiko kwa watu. Kuna msikiti, nyua zinafagiwa alfajiri, na mtoto akikutana na mkubwa anaamkia. Magharibi ya reli? Mungu apishie mbali! Huko ni kwa walevi, kwa manamba wasiojulikana walikotoka, ngoma kutwa, pombe ya mtama kila ua, na ukisahau kanga kwenye kamba basi hesabu umeitoa sadaka. Waliosema hivyo wengi wao hawajawahi kuvuka reli, lakini ndiyo hivyo tena, lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Sikuzani binti Ausi, mzaliwa wa Malolo huko Ruangwa, aliyasikia hayo yote akiwa katika chumba cha kambi alichokaa na mumewe Mikidadi, kibarua wa reli. Wenzake waliyasikia wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa na mimba ya tatu, na watoto wake wawili wa kwanza hawakufika arobaini. Wote wawili walizaliwa wakilia vizuri, wakanyonya vizuri, kisha homa ikawachukua. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Sikuzani alikuwa ameshajiaminisha kwamba kilichomuumiza ni mahali. Ile kambi hakuna aliyewauliza wazee wa kale kabla ya kulala pale. Mashine iling'oa miti, nyumba zikasimamishwa, watu wakaingia kama kuku. Safari hii alitaka pa kuzalia ambapo mtoto angeishi. Hilo tu. Hakutaka dhahabu.

"Mchagua jembe si mkulima," Mikidadi alimwambia. "Kiwanja ni kiwanja. Tushike chochote tujenge kabla ya mvua."

"Wewe hubebi kitu tumboni," Sikuzani alimjibu. "Sema upendavyo."

Mikidadi akauacha ubishi. Isitoshe, kwao Wamwera nyumba ya mwanamke ni neno la ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mume kazi yake ni kukata miti na kukandika udongo. Akaitwa Mjomba Shaibu kutoka Malolo, akaja kwa miguu na fimbo yake, kafunga unga wa mtama kwenye pembe ya kitambaa.

Kwa asiyejua: jioni, mzee wa ukoo huumimina unga polepole pale mnapotaka kujenga, akiwataja waliotangulia jina kwa jina. Unga husimama kama kichuguu kidogo chenye ncha. Kisha hufunikwa kwa chungu, mkaenda kulala. Asubuhi hufunuliwa. Ukiukuta umesimama, mmekaribishwa. Ukiukuta umeporomoka, fungeni virago.

Walianza mashariki, maana ndiko roho ya Sikuzani ilikokuwa. Mjomba alimimina unga kwenye kiwanja kizuri karibu na msikiti, akafunika. Usiku ule Sikuzani hakupata usingizi, alijigeuza mpaka Mikidadi akahamia chini kwenye mkeka. Kulipopambazuka alimkuta mjomba ameshatangulia, kasimama kando ya chungu akiegemea fimbo. Mjomba akakiinua chungu. Unga ulikuwa umeporomoka wote, umetawanyika.

Sikuzani aliutazama ule unga, kisha msikiti. Kwa hiyo hata kwa watu wema wazee hawamtaki? Jioni yake wakavuka reli kwenda magharibi, kwenye kiwanja kilichobanwa na ua wa muuza pombe, na asubuhi unga ukakutwa umesimama wima, ncha yake vile vile.

"Ni huku," alisema Mjomba Shaibu.

"Mjomba, huku?"

"Wazee wamesema, mwanangu. Au unataka nikawabishie?"

Nani abishane na wazee? Wakajenga. Miti, udongo, nyasi juu, mlango mmoja unaotazama reli. Na tangu siku ya kwanza Sikuzani akawa mtu wa kushtuka. Mlevi akiimba, anashtuka. Mbwa akibweka, anashtuka. Asubuhi moja alifungua mlango, mtu mzima akamwangukia miguuni, kumbe alilala ameuegemea, akaomba radhi kwa adabu nyingi na kuuliza njia ya kwao. Jirani yake wa ule ua wa pombe alikuwa Valentina, Mmakua wa upande wa Masasi, mwenye rozari shingoni na sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Watu walimwita Mama Eustakio, kwa jina la mwanawe. Kila asubuhi alipaza sauti juu ya ua: "Mwenye mzigo, umeamkaje?" Sikuzani alimjibu kwa mbali, kama mtu anayeogopa kurushiwa maji. Moshi wa pombe yake ulimtia kichefuchefu, na akili ilimwambia moshi ule unamwingia mtoto.

Kisha surua ikapita. Nyumba ya tatu kutoka kwake mtoto akafa. Sikuzani akaacha kula. Akawa anaketi mlangoni ameshika tumbo, anatazama kivuli cha nyumba kinavyotambaa kuelekea reli jua likizama nyuma yake, akijisemea mbona amekuja kukaa upande jua linakofia. Kitu kimoja tu kilimshikilia asikimbie. Unga ulisimama. Alilisema neno hilo kama mtu anayevuta tasbihi. Unga ulisimama, unga ulisimama, basi mtoto ataishi.

Siku moja sokoni akakutana na Mwanaheri, mke wa seremala wa mashariki, ambaye ua wake ulipakana na kile kiwanja walichokikosa. Mwanaheri hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake haukuwa na kufuli.

"Mwenzangu, tumbo limeshashuka hilo! Na bado uko kule kule kwa walevi?"

"Tungefanyaje? Unga ulituangukia kwenu."

"Uliwaangukia?" Mwanaheri akashika kiuno. "Uliangushwa! Nilikuwa nafagia, giza halijaisha. Yule mzee wenu kaja peke yake, kafunua chungu, katazama weee, kisha kaingiza fimbo akauvuruga. Halafu akafunika tena. Nikamwambia mume wangu, huyu babu ana wazimu au ni mchawi. Hamkujua?"

Sikuzani hakukumbuka alivyofika nyumbani. Mihogo aliyoinunua aliiacha pale pale chini. Mwanaheri, kwa kumwonea huruma, alimpigia kelele nyuma yake: "Njoo ukae kwangu mpaka ujifungue! Chumba kipo!"

Mjomba Shaibu alipokuja na ufuta wiki ile, Sikuzani hata hakumpa maji. "Shikamoo, mjomba. Uliuvuruga unga?"

Mzee aliketi. Hakukana. "Marahaba. Niliuvuruga."

"Ulikuwa umesimama?"

"Ulikuwa umesimama."

"Yallah!" Sikuzani alijipiga kifuani. "Wazee walinikaribisha, wewe ukanifukuza? Ukanileta huku nife na mwanangu?"

"Sikiliza, mwanangu. Siku ile nilipofika nilikuwa na kiu ya safari nzima. Mashariki nilibisha hodi, nikaulizwa dirishani: wewe ni wa nani? Nikaenda nyumba ya pili, nikaulizwa ukoo na nimefuata nini. Maji walinipa baadaye, sisemi uongo, lakini koo lilikuwa limeshakauka kwa kujieleza. Huku, huyu mama wa pombe aliniona tu navuka reli, akaniletea kata ya maji na kigoda, jina langu akaliuliza nimeshamaliza kunywa. Nikafikiri, huyu mpwa wangu siku ya uchungu atapiga kelele. Sitaki aulizwe yeye ni wa nani."

"Na wa huku? Uliuacha usimame kweli, au uliusimamisha?"

Mjomba Shaibu alitazama fimbo yake. "Huu sikuugusa. Ila sikuwaita wazee. Nilimimina tu, midomo naichezesha. Wazee huulizwa na mtu asiyejua, na mimi nilikuwa najua." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huenda nimekosea. Hata mimi silali."

Hilo la mwisho ndilo lililomtisha Sikuzani zaidi. Kama mjomba angegomba na kushikilia neno lake, angemtegemea. Sasa alikuwa amekaa juu ya ardhi ambayo hakuna aliyeiulizia, kama kambini vile vile, na mtoto anapiga teke. Mikidadi alipoambiwa, alicheka mpaka akakohoa, kisha alipouona uso wa mkewe akaacha. "Ukitaka twende mashariki, twende," alisema. "Nyumba nitajenga nyingine. Mikono ninayo."

Usiku kucha Sikuzani aliwaza, na jioni iliyofuata akafanya jambo ambalo kwao mwanamke mwenye mimba halifanyi. Alichukua unga wa mtama, akazunguka nyuma ya nyumba, akaumimina mwenyewe. Akamtaja mama yake. Akamtaja bibi yake. Alipofika kwa wale watoto wake wawili sauti ilikatika, akawataja moyoni. Unga ukasimama. Akafunika kwa chungu chake cha kuogea, akarudi ndani, akafunga kanga zake kwenye furushi. Ukiporomoka, asubuhi hiyo hiyo anavuka reli kwenda kwa Mwanaheri. Ukisimama, anafungua furushi.

Asubuhi Mikidadi alikwenda reli kama kawaida. Sikuzani akatoka uani. Chungu kilikuwa pale pale, kina umande. Akapiga magoti kwa taabu, akakishika ukingo, akashindwa kukiinua. Aliogopa. Aliogopa ukiwa umeanguka, aliogopa na ukiwa umesimama, maana unga wa kwanza ulisimama pia na akaambiwa umeanguka. Alikuwa bado amekishika uchungu ulipomkamata kiunoni ukamlaza ubavu.

"Mama Eustakio!" alipiga kelele. Ndilo jina lililomjia. "Mama Eustakio, nakufa!"

Ua wa miti uliokuwa kati yao haukuzungukwa, ulivunjwa. Mama Eustakio aliingia na unga wa kimea mpaka kwenye viwiko, nyuma yake wanawake wa pombe, wa mihogo, wengine hata majina yao Sikuzani hakuyajua. Walimbeba ndani. Mmoja alimshika mgongo, mwingine alikoka moto, na bibi mmoja Mmakonde mwenye ndonya, ule urembo wa mti, kwenye mdomo wa juu, ambaye Sikuzani alikuwa akimkwepa njiani kwa miezi yote ile, alipiga magoti mbele yake, akanawa, akasema, "Sukuma, binti yangu, mimi nipo." Mama Eustakio alikuwa anakwenda na kurudi, huku akiamrisha, huku akisali, huku akimtukana mtu aliyekuja kuuliza kama pombe iko tayari.

Mtoto alitoka jua likiwa limepanda. Mwanamume. Alilia. Sikuzani aliusikia ule mlio na badala ya furaha hofu ikamjaa, kwa sababu na wale wawili walilia hivyo hivyo. Akageuza kichwa akaona karibu na moto chombo anachokijua, maji yanafuka mvuke ndani yake.

"Hicho chungu," alisema. "Mmekitoa wapi?"

"Uani kwako," alisema Mama Eustakio. "Kilikuwa kimefunikwa chini. Nilitaka maji moto haraka, ningefanyaje? Nimekisuuza vizuri."

"Na unga? Unga ulikuwaje? Ulikuwa umesimama?"

"Unga gani, mama?"

"Chini yake! Kulikuwa na unga!"

Mama Eustakio alitazama nyayo zake. Zilikuwa nyeupe. Akaelewa, maana hata kwao Wamakua unga humiminwa, na sauti yake kubwa ikakwisha kabisa. "Masikini mimi. Sikutazama. Nilikuwa nakukimbilia wewe."

Sikuzani alifumba macho. Jibu lilikuwa limekanyagwa, limetapakaa sakafu nzima ya chumba, kwa nyayo za wanawake wote wale, kuanzia mlangoni mpaka kitandani. Alilia kwanza. Kisha akanyoosha mikono akasema, "Nipeni mwanangu."

Siku zile hazikuwa rahisi, asikudanganye mtu. Kila mtoto alipopiga chafya, Sikuzani alimwita Mama Eustakio, na kila alipomwita alikuja, mara nyingine akigomba. Furushi lilibaki pembeni limefungwa. Mwanaheri alivuka reli siku moja na kuku, akapita na kanga kafunika pua, akaketi, akasahau kuondoka mpaka jioni.

Arobaini ilipofika Mjomba Shaibu alikuja kutoka Malolo na unga mpya kwenye pembe ya kitambaa, wa kuwashukuru wazee. Alikuwa amekonda. Alimpokea mtoto, akampima mikononi kama mtu anayepima boga, akamrudisha, macho yamelowa. Kisha akainama uani, akataja majina, safari hii kwa sauti, watu wakamsikia, na unga ukashuka taratibu mpaka ukasimama.

Akageuka kutafuta chungu.

"Hapana, mjomba," alisema Sikuzani. Furushi lilikuwa miguuni pake, nusu limefunguliwa, na mtoto kafungwa mgongoni kwa kanga iliyotoka humo. "Leo usifunike."