Chupa Nne za Maji ya Mgeni

Kilichoninyima usingizi wiki ile si joto la Kinondoni wala mbu wake. Ni usafi wa maji. Nilikuwa nimepima maji ya mto mmoja mdogo upande wa Temeke kwa miezi minne mfululizo, chupa moja kila mwezi, na kila mara majibu yalitoka mazuri kuliko ya bomba la nyumbani kwa shangazi, nilikokuwa nikiishi. Mto huohuo ulipita chini ya zizi la ng'ombe. Watu walioga humo, walifulia humo, na Jumapili waliosha baiskeli. Nililala chali nikihesabu makosa yangu. Labda dawa za maabara zilikuwa zimepitwa na wakati. Labda kabati la joto, lile tunamooteshea vijidudu, halikuwa na joto. Labda mimi sikuijua kazi, na chuo kilinipa shahada kwa huruma. Binamu yangu, tuliyelala naye chumba kimoja, alisema kama sitaacha kugeuka-geuka nikalale huko mtoni.

Lingekuwa swali la kitaalamu tu, ningelala. Lakini ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tumeahidiwa maji safi karibu na kila nyumba, na mabomba yaliyofika bohari yalitosha mtaa mmoja. Mitaa iliyokuwa ikiyangojea ni miwili: huo wa Temeke na mwingine ng'ambo ya Ubungo. Kamati ya kuyagawa ilikuwa ikae Jumanne, na mtaa wenye maji mabaya zaidi ndio ungepewa. Kwa hesabu zangu, Temeke walikuwa wanakunywa maji kama ya chemchemi. Ripoti ilikuwa na sahihi yangu. Wino ulikuwa umeshakauka.

Alhamisi nilimwendea mkuu wangu wa maabara, mzee mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, zote hazina wino. Nikamwambia nina mashaka na majibu ya Temeke, naomba gari nikachote upya. Akanieleza habari za petroli, kwamba ya mwezi ule tulikuwa tumeimaliza kwa kumpeleka mgeni wa wizara kuangalia pampu ambayo haikuwapo. Nikamwambia basi tuahirishe ripoti. Akavua miwani.

"Ndugu yangu," alisema, "nyie wasomi mna ugonjwa. Mkipata jibu mnaanza kulitafutia swali."

Nilirudi mezani kwangu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, kwa sababu kulikuwa na jambo sikumwambia. Ng'ambo ya Ubungo kulikuwa na daraja, na pale nilishusha chupa kwa kamba kwa mkono wangu. Temeke hakuna daraja. Ili kuchota inavyotakiwa, lazima uingie mpaka magotini, uelekee juu maji yanakotoka, uzamishe mdomo wa chupa. Na mimi nilikuwa nimesoma habari za kichocho kwa muda wa muhula mzima. Niliwajua wale minyoo kwa michoro, nilijua wanavyopenya ngozi, nilijua na dakika wanazohitaji. Kila nilipofika ukingoni nilianza kufungua kamba za viatu polepole, nikitafakari, na kila mara, kabla sijafika kamba ya pili, mke wa balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshanipokea chupa mkononi. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Lindi, mwenye haraka. Alisema bwana maji asijichafue. Nami nilimshukuru, nikabaki kuandika tarehe kwenye karatasi. Alipotelea kwenye matete na baadaye akarudi na chupa imejaa, ameifuta kwa khanga. Mara nne.

Jumamosi nilipanda basi. Nilibeba chupa moja iliyochemshwa, nimeifunga kwa kitambaa safi, na kikasha cha barafu iliyokuwa ikinivujia mapajani. Basi liliharibika mara moja tu, jambo ambalo nalo lilinitia wasiwasi.

Nilimkuta yule mama anamenya mihogo. Nikamwamkia. Aliniitikia, akainuka, akanyoosha mkono apokee chupa kama kawaida. Nikamwambia leo tuongozane. Akashangaa kidogo lakini akatangulia. Tukapita matete, tukaupita mto wenyewe bila hata kuutazama, tukafika kwenye kichaka cha miba iliyokatwa na kupangwa. Akaiondoa. Chini yake kulikuwa na kisima kilichofukuliwa mchangani, upana wa ungo, na ndani yake maji kidogo meupe, yanajikusanya taratibu kama jasho.

"Ndipo ulipokuwa unachota?" nilimuuliza.

"Ulitaka nichote wapi?"

"Mtoni, mama. Kazi yangu ni ya mto."

Alinitazama kama anatafuta pa kunigusa aone kama nina homa. "Mwanangu, mtu katoka mjini, ana shati jeupe, nimpe maji ya mtoni? Kesho mtasema wa huku hatukufunzwa."

Nikamweleza kwamba yale maji hayanywi mtu, yanapimwa. Akasema hilo hakuna aliyemwambia. Yeye alidhani wakubwa huko ofisini wanayaonja. Nikamuuliza hicho kisima kinatoa kiasi gani. Ndoo moja, alisema, tangu alfajiri mpaka jua likiwa kali, na ndoo hiyo ni ya wajukuu wadogo na ya mume wake anayeumwa tumbo. Wengine wote, na majirani wote, wanakunywa mto. Siku nilizokuja, alipunguza ya ndoo ili chupa yangu ijae.

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa nimeitunza hasira ile tangu Alhamisi, lakini nilipoitafutia pa kuiweka niliona viatu vyangu, vimefungwa vizuri, havina tope. Nikamwambia habari ya kamati. Nikamwambia bomba linakwenda ng'ambo ya Ubungo kwa sababu kwenye karatasi zangu maji ya huku ni mazuri.

Akarudishia miba juu ya kisima, mmoja mmoja.

"Kumbe ukarimu wangu ndio umetunyima maji," alisema. Halafu akanitazama miguuni. "Na wewe je? Mara zote nne, ulikuwa unaogopa nini?"

"Kichocho."

Akacheka mpaka akashika magoti. "Sie tunacho wote huku, na bado tunalima."

Nilivua viatu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yalinuka zizi. Nilielekea juu kama nilivyofundishwa, nikazamisha chupa, nikahesabu kila sekunde ya ngozi yangu humo. Yeye alisimama ukingoni amenishikia soksi, ananiuliza kama minyoo wameshaingia.

Chupa ilifika maabara ingali baridi. Jumapili niliporudi kutazama, mirija yote ya kioo niliyoyatia maji hayo ilikuwa imechafuka na kutoa mapovu, dalili ya vijidudu. Jumatatu asubuhi hali ilikuwa ileile, mbaya zaidi. Maji yale hayakufaa hata kuoshea zile baiskeli.

Mkuu wangu aliiangalia mirija kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na suluhisho. Alisema niandike kwamba mwezi huu mvua zimebadilisha hali ya mto. Nani atauliza? Nikamkumbusha kwamba kamati inatumia wastani, na chupa moja mbaya kati ya tano haitaubadilisha. Lazima zile nne zifutwe. Akasema zikifutwa lazima isemwe kwa nini, na mimi bado niko kwenye kipindi cha majaribio kazini, na mikoani kuna vituo vya kupimia mvua ambavyo havijapata mtu miaka miwili.

Nilifikiri. Kufikiri ndiyo kazi niliyoiweza siku zote. Nilifikiri juu ya hivyo vituo, juu ya shangazi aliyewaambia majirani kwamba nina ofisi, juu ya wale wa ng'ambo ya Ubungo ambao nao maji yao hayakuwa mazuri. Nikaona naweza kuendelea kufikiri mpaka Jumatano, siku moja baada ya kamati.

Nikaomba karatasi. Niliandika kwamba sampuli nne za Temeke hazikuchotwa mtoni bali kisimani, kwamba aliyechota hakuelezwa kazi, na kwamba mimi niliyetakiwa kuingia majini nilibaki ukingoni kwa kuogopa. Nikaweka majibu ya chupa ya tano, nikatia sahihi. Mkuu alisema aachiwe aitafakari. Nikamwomba radhi, nikaikunja, nikaenda nayo mwenyewe kwa miguu mpaka kwa katibu wa kamati, na sikuondoka mezani pake mpaka alipoigonga mhuri.