Picha ya Abdi Dirishani

Siku hiyo nilikwenda Ruiri kwa kazi ya kawaida. Studio yangu ya picha ilikuwa Nkubu, lakini siku za soko nilibeba kamera nikawafuata wateja. Halima, mke wa Abdi mwenye bucha, alitaka picha ya familia na mtoto wao mchanga. Serikali ilikuwa ikipigana na mashifta, waasi wa Kisomali, upande wa Isiolo; sisi vita tulivisikia redioni tu.

"Mama Kendi, ngoja kidogo," Halima akaniambia. "Baba yake avue aproni kwanza."

Tulikuwa bado tunamcheka Abdi anavyohangaika na kamba za aproni, malori ya askari yalipoingia sokoni.

Waliwataka Wasomali peke yao. Waliwachagua kwa kuangalia nywele na pua. Abdi alizaliwa pale pale Ruiri, na kwa mizaha ya Kimeru alinishinda mimi Mmeru. Akamwambia askari, kwa Kimeru, kwamba yeye si shifta.

Wakampiga kwa vitako vya bunduki.

Nikapiga picha.

Akaanguka. Wakaendelea. Nikapiga nyingine.

Nilizunguka nyuma ya bucha, nikatoa filamu, nikaificha ndani ya kilemba na kuweka mpya. Nilipotokea, mkubwa wao alikuwa ananingoja.

"Wewe mama, leta hiyo filamu."

"Huyu amekosa nini?"

"Ni Msomali."

"Hilo ni kabila, afande. Nimekuuliza kosa."

Alinizaba kofi, akafungua kamera, akaivuta ile filamu mpya yote juani iharibike. Akaridhika. Halima alipakiwa lorini pamoja na Wasomali wengine, mtoto kifuani. Abdi aliachwa kwenye vumbi, amekufa.

Nilisafisha picha ya Abdi kutoka filamu niliyoificha, nikaitundika dirishani mwa studio. Mzee mmoja wa kanisa letu akaja mbio. "Mama Kendi, toa hiyo kitu! Utatuletea shida."

"Shida ilishakuja na malori," nikamjibu.

Dirisha likavunjwa, picha ikachukuliwa. Nikasafisha nyingine. Hiyo nayo ikachukuliwa. Nikasafisha kubwa zaidi.

Sasa nimezeeka. Halima sikumwona tena, wala sikupata mtu wa kuniambia walipelekwa wapi. Picha yangu haikumrudisha, na haikumfikisha askari hata mmoja mahakamani. Hilo nimeishi nalo.

Lakini bado wapo wanaoniambia kwamba Abdi na wenzake wa Ruiri walikuwa mashifta tu. Siwafokei. Ninawapa kiti, ninawaonyesha Abdi yuko chini na bunduki ziko juu yake, kisha ninawauliza: shifta ni yupi hapa?