Vicheko vya Kenyatta Avenue Vilivyofika Beirut

Saa mbili asubuhi, katikati ya jiji la Nairobi, Norman Kyengo anagonga sanduku lake kwa mgongo wa burashi, ko, ko. Mteja aliye kwenye kiti cha juu anajua maana yake: badilisha mguu. Anabadilisha bila kuondoa macho kwenye gazeti.

Kwa wapiga viatu rangi wa Kenyatta Avenue, gazeti ni sehemu ya huduma. Unalipa shilingi hamsini, viatu vinang'aa, unasoma bure. Ila kwa Norman, ukisoma, soma kwa sauti. Hiyo ndiyo sheria ya kiti chake, na wateja wameizoea.

Leo mteja anasoma habari za vita vya mbali. Kabla hajamaliza aya ya pili, Were, anayefanya kazi hiyo hiyo hatua mbili kutoka hapo, ameshika burashi mbili na kuanza kupiga mdundo wa benga juu ya sanduku lake. Anatunga wimbo papo hapo, wa jenerali aliyepoteza kiatu kimoja na vita vyote vikasimama kukitafuta. Wapita njia wanasimama kusikiliza. Norman anacheka mpaka anafuta machozi, na simu yake imelala juu ya sanduku, kioo kikitazama juu.

Mwandishi wa makala haya alikasirika, na hakuficha. Watu wanakufa kule, na hapa mnaimba? Norman hakujibu kwa hasira. Alipangusa kiti kwa kitambaa, akamwambia mwandishi aketi kwanza.

Norman ana miaka hamsini na minane. Ni mjane, anaishi chumba kimoja Kangemi, na amepiga viatu rangi kwa miaka ishirini na sita. Mtoto wake ni mmoja tu, Kasiva, ambaye mwaka 2022 alikwenda Lebanon kufanya kazi za nyumbani. Mshahara ulikuwa kama shilingi elfu ishirini na tano kwa mwezi, ambao Nairobi alikuwa ameutafuta bila kuupata.

Vita vilipofika Beirut mwaka 2024, Kasiva alipiga simu na kusema kwamba mabomu yakianza, yeye na Wakenya wenzake watatu wa jengo analofanyia kazi hujificha kwenye ngazi. "Tulikuwa tumeomba mpaka maneno yakaisha," Norman anasema. "Nikawa nimeshika tu simu."

Asubuhi hiyo Were alikuwa anaimba nyuma yake upuzi wake wa kila siku. Kasiva akausikia, akacheka. Akauliza huyo ni nani, na kama anaweza kuongeza.

Tangu siku hiyo Norman akawa anaweka simu juu ya sanduku na kurekodi kila kitu: habari, ubishi, nyimbo za Were, vicheko vya wateja. Jioni anatuma. Kwenye zile ngazi za Beirut, wasichana wanne waliinamia simu moja kusikiliza Kenyatta Avenue.

Hakumwambia mtu. Were mwenyewe anakiri kwamba alimtania kwa wiki kadhaa, akidhani mzee amepata mpenzi ndiyo maana haachi simu.

"Ningewaambia, wangenihurumia," Norman anasema. "Na mtu akishakuhurumia, hawezi kukuchekesha tena."

Kisha siku moja rekodi ikatoka, ikabaki na tiki moja ya kijivu, alama kwamba haijamfikia. Kesho yake vivyo hivyo. Norman aliendelea kurekodi na kutuma, na aliendelea kucheka. Wateja walipotaja mitaa iliyopigwa, alisikiliza kama kuna jina la mtaa wa Kasiva.

Siku ya sita ulikuja ujumbe wa sauti kutoka namba asiyoijua. Mwanamke anazungumza Kiarabu, sekunde arobaini, na analia. Norman hajui Kiarabu, lakini kilio anakijua. Ndani ya kilio hicho alisikia jina la Kasiva mara mbili. Akapiga ile namba, haipatikani.

Hatua mia mbili tu kutoka kiti chake kuna msikiti, na watu wanaojua Kiarabu hawakosi. Norman alipita mlangoni asubuhi na jioni, siku tatu, simu mfukoni. Hakuuliza.

"Nilijiambia, kama sijaelewa, basi bado yuko," anasema.

Siku ya nne aliketi kwenye kiti Maalim Mgeni, mwenyeji wa Lamu, ambaye anafundisha madrasa hapo mjini. Alikuwa amevaa viatu vya kahawia, vipya, zawadi ya Idi kutoka kwa bintiye. Alifungua gazeti, akaanza kusoma kwa sauti kama ilivyo sheria. Alipofika habari za Beirut, Norman alichovya kitambaa kwenye kopo la rangi nyeusi na kupaka kiatu cha kushoto. Hakujua anachofanya hadi nusu ya kiatu ilipokuwa nyeusi tititi.

Kosa kama hilo hakuwa amewahi kulifanya katika miaka ishirini na sita. Were aliliona, akanyamaza katikati ya wimbo.

Maalim hakupandisha sauti. Alikunja gazeti, akamuuliza ana nini leo. Norman alimpa simu tu. Maalim aliiweka sikioni, akasikiliza, akaomba kusikiliza tena, maana Kiarabu cha Beirut si kile cha vitabuni. Akasikiliza mara ya tatu. Norman anasema alikuwa akiangalia midomo ya mzee yule, akiiogopa kuliko mabomu.

"Ndugu yangu, mwanao mzima," Maalim alisema. "Mama huyu ndiye mwajiri wake; ni mgonjwa, jamaa zake walikimbia wakamwacha. Kasiva ndiye aliyembeba mgongoni, ghorofa tano. Wako mlimani kwa watu wema. Simu ya mtoto ilibaki nyumbani, namba yako ameikumbuka kichwani; sasa amelala kwa uchovu, na mtandao wa huko hukatika. Mama analia kwa kukushukuru wewe."

Norman aliketi chini, pale pale kwenye lami, burashi mkononi, akalia mbele ya jiji zima. Were, ambaye hakuwa amewahi kusikia jina la Kasiva, aliketi kando yake. Maalim akatazama miguu yake, mmoja mweusi, mwingine kahawia.

"Haya, paka na cha pili," akasema. "Siwezi kurudi darasani na miguu ya watu wawili."

Walicheka hadi askari wa jiji akaja kuuliza kulikoni. Maalim anavivaa viatu hivyo mpaka leo, vyeusi vyote, na hataki visafishwe kwingine.

Kasiva alirudi Januari iliyofuata. Jumamosi ya kwanza alikuja mjini, akaketi kwenye kiti cha babake, akafumba macho na kuwaomba waendelee kama kawaida. Debra, mteja wa siku nyingi na karani wa ofisi ya mawakili, akasoma kichwa cha habari. Kasiva akamtaja kwa jina, macho yamefumbwa. Were alipogonga burashi mara moja tu, Kasiva akasema, "Na huyu ni Were," akaangua kicheko kilichoishia kwenye machozi.

Sasa baba na binti wanatafuta kibanda cha kushonea viatu Kangemi, karibu na soko. Kasiva ameshajua kushona soli, na anasema haendi tena popote.

Basi simu juu ya sanduku ni ya nini? Norman anajibu taratibu. Wasichana wawili wa zile ngazi bado wako kule.

"Nataka nao siku moja waketi hapa," anasema. "Nitawapigia viatu rangi mwenyewe, bure."

Kisha anampa mwandishi gazeti. "Soma," anasema. "Kwa sauti."

Mwandishi akasoma, Were akaingilia, watu wakacheka. Norman akatuma Beirut, akagonga sanduku, ko, ko. Kiatu cha pili hakijaisha, tiki mbili zikawa buluu.