Gari la Kaka Yangu Karibu na Vyoo

Kaka yangu alizaliwa Bujumbura na huko ndiko alikojifunza kuchomelea vyuma, kabla hatujarejea Oman. Mjini Ibra, huko Oman, aliajiriwa kwenye gereji ya mtu, na kila Ijumaa baada ya sala alikuwa nyuma ya nyumba yetu akiunda gari lake mwenyewe. Lilikuwa gari la wazi la watu wawili, halina paa wala milango, injini iko nje inaonekana. Chasisi ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka kwenye njia ya mji wa Sur, na madigadi aliyakunja kutoka kwenye tangi kuukuu la maji. Mie, fundi wa nguo za maharusi, nilimshonea viti vya ngozi nikavitia nakshi ya kofia zetu za Kiomani. Nakiri mwanzo nilimcheka, nikamuuliza nani atapanda beseni lile.

Rafiki zake wawili nao waliunda ya kwao. La yule wa mji wa Manah lilikuwa refu, jembamba, pua imechongoka. Wa Sur, mtoto wa seremala, alilivika lake mbao ubavu mzima. Ukiliona gari tu, umeshamjua mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili yakatangazwa maonyesho ya magari Nizwa. Tukafika asubuhi. Msimamizi, kijana wa kanzu ya dishdasha iliyopigwa pasi ikasimama, aliyatazama magari yetu matatu akaamuru yakawekwe nyuma, karibu na vyoo. Mbele, chini ya hema, yalipangwa magari sita yaliyonunuliwa ng'ambo yakiwa tayari, yote mekundu, yote sawasawa, na kibao kimeandikwa "Kazi ya mikono". Mikono ya nani? Wenyewe hata boneti hawakujua linafunguliwa wapi.

Tuliporudi kutoka sala ya adhuhuri tukakuta karatasi imebandikwa kwenye gari la kaka: "Gari la kichekesho. Watoto wapande." Watoto wameshapanda, wamesimama na viatu juu ya viti vyangu.

Kaka akanishika mkono, akanambia tuondoke tu. Tangu tuhamie alijizoesha kutojibu, asije mtu akamwambia arudi Afrika. Ndilo lililoniuma zaidi. Nikaibandua ile karatasi nikampelekea msimamizi mbele ya wageni wake.

"Nionyeshe mtu mmoja hemani humu aliyeunda gari lake," nikamwambia.

"Dada yangu, hayo yenu hayafanani na kitu."

"Hayakuundwa yafanane na kitu."

Akanipa mgongo, akaendelea kuzungumza na wageni. Hakuna aliyeniomba radhi, wala sikuona dalili ya haya kwa hata mmoja wao. Lakini tulipowasha injini, watu kadhaa walitoka hemani wakatufuata mpaka langoni, na mzee mmoja akamsimamisha yule wa Sur kumuuliza zile mbao amezikunja vipi.

Tukaenda Manah kwa mama yake yule rafiki yetu wa huko, akatupakulia wali. Kaka alikula na kucheka na wenzake kama waliotoka harusini. Mie nilitoka nje kufuta alama za viatu kwenye viti.

Baadaye aliunda magari mengine mawili, kila moja na sura yake. Kwenye maonyesho hakwenda tena. Akiulizwa husema hana nafasi, na mie hutoka chumbani, maana nikibaki nitasema yaliyotupata Nizwa.