Kompresa Tuliyoiposa Kariobangi

Fundi wetu wa mageti ametutoka. Habari zilinikuta Jumanne dukani nikinunua maziwa. Jumatatu alifanya kazi kama kawaida, akala chakula chake, akalala, asiamke. Mtu wa umri wake hawezi kudai kifo kizuri kuliko hicho, na bado nimehuzunika. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua ninavyochukia kelele. Nimezilalamikia honi hapa, nikavilalamikia vipaza sauti vya wahubiri, nikamlalamikia hadi mbwa wa jirani. Basi mtashangaa kusikia kwamba ninayemlilia leo ndiye mwenye mashine iliyonguruma mchana kutwa nyuma ya nyumba yangu, hapa Buruburu, na kwamba mimi mwenyewe nilikwenda kuichagua.

Karakana yake ilikuwa kwenye kiwanja kidogo nyuma ya maduka, mahali alipokaa kwa hisani ya majirani tu. Kiwanda alikokuwa ameajiriwa kilipofungwa, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, mitambo iliuzwa, naye akaondoka na mashine ya plazma, ile inayokata chuma kwa cheche ya umeme inayosukumwa na hewa. Kwa patasi na nyundo, kukata ua moja la geti kulimla siku nzima. Kwa plazma angelikata kabla chai haijapoa. Ila plazma haifanyi kazi bila kompresa ya kuipa hewa, na kompresa ni kelele. Jirani yake wa ukuta alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke wa zamu ya usiku anayelala mchana. Sote tunamwita Sista. Alimwambia wazi: "Fundi, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hiyo kitu ikininyima usingizi, naita mkutano na utahama." Angehamia wapi? Watoto wake walisomeshwa na mageti yale.

Mwingine angenunua kwanza, akaomba radhi baadaye. Fundi alitualika majirani tuandamane naye kuchagua kompresa, kama ukoo unavyokwenda kuposa. Tukaenda Jumamosi moja, wazee wawili, Sista na mimi, tumevalia vizuri, hadi Kariobangi kwa muuza mashine kuukuu. "Karibuni wazee wangu," alitupokea. "Mali ndiyo hii. Cheki hiyo tangi!" Lilikuwa tangi kubwa jekundu, rangi bado inanuka. Akafungua hewa kidogo, ikatoka kwa nguvu, na mashine yenyewe kimya kabisa. Tukafurahi. Mzee mmoja akasema huyu hata kanisani anaketi, na tukaanza kupeana mikono.

"Mbona imenyamaza?" Sista akauliza.

"Ni tabia yake, mama. Ni mpole."

"Ni mpole kwa sababu amelala. Hakuna mtoto msumbufu akiwa amelala. Hebu mwamshe."

Fundi akacheka, akaiachilia hewa yote. Hewa ya tangi ilipokaribia kuisha, mota ikaamka na kupiga yowe, mabati ya banda yakatetemeka. Ikapiga yowe, ikapiga yowe, na tangi halijai. Fundi akatikisa kichwa. Plazma hunywa hewa bila kupumzika, alitueleza, na tangi ni tumbo tu; mapafu ya mashine hii, yaani pampu, yalikuwa madogo. Tuliaibika kidogo, sisi wazee wa kuposa. Kwenye kona palikuwa na nyingine iliyochubuka rangi, pampu yake kubwa ikizungushwa polepole na mkanda. Walipoiamsha ilinguruma kwa sauti nzito, isiyopanda wala kushuka, na hewa haikukatika. Sista akaketi juu ya kreti, akafumba macho. Fundi alimtazama kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

"Hii naweza kuzoea," Sista akasema hatimaye. "Lakini uijengee kibanda."

Waliochora mitaa yetu waliweka kazi kule viwandani na usingizi huku. Sasa viwanda vinafungwa na kazi inatufuata nyumbani. Huyu anashona sebuleni, yule anachomelea uani. Hakuna masika yasiyokuwa na mbu, na mtaa unaotafuta riziki hauwezi kukaa kimya. Nimeona majirani wakifikishana kwa chifu kwa jambo hilo. Kwetu, kila aliyenung'unika aliulizwa, "Si mlienda kuiposa wenyewe?" na maneno yakaishia hapo.

Matangani Sista alisimama kuzungumza. "Jumanne nilitoka zamu, nikalala," alisema. "Nikashtuka. Nikadhani kuna mtoto analia. Nikasikiliza, hakuna. Hakuna kitu kabisa. Ndipo nikajua ni mashine haijawashwa, nikavaa viatu nikaenda kuuliza Fundi ana nini."

Nami usingizi wangu wa mchana umepotea wiki hii. Miaka yote nimedhani nachukia kelele, kumbe ninachochukia ni kutoulizwa. Kwa hiyo jirani, kabla hujanunua mashine yako mpya, nipitie twende pamoja tukaisikilize ikiwa macho.